Buluu ya Harusi ya Masika

Katungu alinipigia simu Jumapili, natoka misa, akaniambia Mama Masika amefariki. Hakulia. Alisema tu kwamba mama yake alikunywa chai ya asubuhi, akalalamika kwamba siku hizi chai imekuwa maji, akarudi kujinyoosha kitandani na hakuamka. Nilimpa pole kwa Kiswahili, halafu kwa lugha ya kwao, Kinande changu kibovu ambacho miaka yote kimemchekesha, na safari hii hakikumchekesha. Kisha nikakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yangu hapa Kisangani, katika joto hili ambalo wageni hulilaani, nikafikiria baridi ya Butembo. Watu wakisikia Kongo wanadhani sote tunatokwa jasho toka Januari hadi Desemba. Waende mtaa wa Mususa kule Butembo mwezi wa saba, alfajiri, wanawe uso kwa maji ya ndoo yaliyolala nje, halafu waje tuongee. Mimi baridi ile niliijua mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na tisa, na naweza kusema bila kutia chumvi kwamba haijanitoka mifupani.

Nilikuwa nimekwenda Butembo kusomea uuguzi, na vita vikaifunga shule kabla sijajifunza hata kuchoma sindano. Walimu waliotumwa kutoka mikoa mingine walikuwa hawalipwi tena, wakaondoka mmoja mmoja, na wanafunzi wenye kwao karibu wakarudi kwao. Kwetu hakukuwa karibu. Barabara ya Kisangani ilikuwa imemezwa na msitu na watu wenye bunduki, na ndege ndogo zilizoruka kutoka Beni zilibeba maharagwe na sabuni za wafanyabiashara, hazikubeba wasichana wasio na kitu. Mama Masika, mjane aliyeuza vyakula sokoni na kutengeneza pombe ya ndizi, alikuwa akinipangisha chumba cha uani. Shule ilipofungwa nilimfuata jikoni nikamwambia sina tena cha kumlipa. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, hakuinua macho, akasema kile chumba hakijalalamika. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kumwambia mtu akae.

Chumba chenyewe nakiona hadi leo. Kilikuwa na kuta za udongo zilizopakwa chokaa, kitanda cha mbao kilichokuwa kifupi kwa miguu yangu, na magunia ya viazi kutoka Musienene yaliyopangwa hadi karibu na dirisha, kwa hiyo nililala na harufu ya udongo mbichi mwaka mzima. Ukuta mmoja ulipakana na jiko, na kupitia ukuta huo nilisikia maisha yote ya nyumba ile. Nilimsikia Masika, binti mkubwa, akibishana na Katungu mdogo wake kuhusu nani alipika ugali ukawa na madonge. Nilisikia kicheko cha mama yao, kifupi na kizito. Yote kwa Kinande. Watu wasiojua wanafikiri kwamba kuwa mpweke ni kukaa penye kimya. Mimi nilikuwa mpweke penye kelele, nikisikiliza watu wanaopendana wakisema mambo nisiyoyaelewa, na mara nyingine nilicheka wakicheka, peke yangu chumbani, kama mwendawazimu, kwa sababu tu kicheko kinaambukiza.

Na chakula. Mabinti walikula jikoni na mama yao, kwenye sahani moja kubwa ya bati, vidole vikigongana kwenye sombe ya majani ya muhogo. Mimi niliandaliwa sebuleni, sahani yangu peke yangu, imefunikwa na kitambaa, na kama kulikuwa na kipande cha nyama kilikuwa juu ya sahani yangu. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sikupewa. Nikishika ndoo, Katungu aliichukua mkononi mwangu. Nikishika ufagio, Mama Masika aliniambia nipumzike, nipumzike kutoka nini sijui. Niliwahi kubeba sahani yangu hadi jikoni nikachuchumaa kati yao, na wote wakanyamaza, wakanisogezea kigoda, wakaanza kuongea Kiswahili kwa adabu kubwa, juu ya hali ya hewa. Sikurudia tena.

Nje ya nyumba ilikuwa mbaya zaidi. Nyumbani kwetu tuliongea Lingala kama tulivyoongea Kiswahili, bila kufikiri, na siku moja kwenye bomba la maji ndoo iliniangukia mguuni nikalalamika kwa Lingala. Foleni nzima iligeuka. Kule Lingala ilikuwa lugha ya askari, ya watu waliogonga milango na kuondoka na mbuzi. Tangu siku hiyo wanawake wa bombani walinisalimia kwa kunipita pembeni. Nilijifunza kuumia kwa Kiswahili.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho kutoka kwetu, na kilikuwa chini ya kitanda. Mama yangu aliuza rangi za vitambaa katika soko la Kisangani, unga wa rangi unaotumia maji baridi, na niliposafiri alinijazia sanduku nusu nzima kwa mifuko ya unga huo na magadi yake, akisema nikikwama nitauza. Sikuuza. Mara nyingi nilifungua sanduku nikaangalia tu ile mifuko aliyoifunga kwa mikono yake, kila mmoja na fundo lake la uzi. Kazi hiyo nilikua nayo. Unaloweka kitambaa cha pamba kwenye maji ya magadi, unakikamua, unakikoroga katika rangi na chumvi, unakikunja ndani ya nailoni kikiwa kimelowa, unakiacha usiku na mchana wake, kisha unasuuza mpaka maji yawe meupe. Mama alikuwa na sheria yake: rangi hii haitaki moto, inataka subira. Nilikuwa nimeisikia toka nikiwa mgongoni mwake.

Katikati ya mwaka redio ilisema kwamba majeshi mawili ya wageni yanapigana ndani ya Kisangani, kwa mizinga, mtaa kwa mtaa. Mama Masika alizima redio kabla haijamaliza. Kesho yake alivaa viatu vyake vya kanisani tukapanda lori hadi Beni, tukazunguka kwa wenye ndege na wapakiaji, yeye mbele akiuliza, mimi nyuma. Hapakuwa na nafasi, na hapakuwa na mtu mwenye habari za mtu. Mmoja alitaka kuniambia alichosikia juu ya mtaa wetu, na Mama Masika akamkatiza akamuuliza bei ya mafuta ya mawese. Baada ya hapo hakuna aliyelitaja jina la Kisangani mbele yangu. Kila mmoja katika nyumba ile alifikiria jambo moja na kila mmoja alilimeza, mimi wa kwanza. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mama yangu hayupo, na nilianza, kwa siri na kwa aibu, kumtamani mama wa watu.

Ndipo Masika alipochumbiwa na kijana wa Musienene, na harusi ikapangwa. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa kwamba harusi ina sare. Ukoo wote huvaa kikwembe kimoja, yaani kitenge, na ukitazama picha unajua nani ni nani wa nani: aliyekatiwa kitambaa ni mtu wao, asiyekatiwa alikuja kula. Lakini mwaka ule vikwembe vya dukani vilikuwa havishikiki, kwa sababu malori yalikuwa yakishambuliwa njiani, na Mama Masika aliweza kupata marobota ya amerikani nyeupe tu, kitambaa cha kushonea mashuka na sanda. Nilisikia kupitia ukuta akilalamika, na safari hii nilielewa, maana alilalamika kwa neno la Kiswahili, nyeupe, nyeupe. Nikaenda jikoni na sanduku langu. Nikamwambia ninaweza kuvitia rangi vyote. Alichagua buluu, ile buluu kali ya vazi la Bikira Maria, akashika mfuko mmoja akaunusa, akaniuliza mama yangu atasemaje. Nikamwambia atafurahi. Sikumwambia nilichokuwa nataka. Nilitaka kikatwe kitambaa kimoja kwa ajili yangu. Nilikitaka kuliko nilivyotaka ndege.

Nilianza na nusu ya vitambaa. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile niliachiwa kazi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua, na nilitembea uani mikono ikiwa ya buluu hadi kwenye viwiko, nikitoa amri, shika hapa, kamua, usikoroge kama uji. Beseni zilipendeza ajabu. Nilivikunja ndani ya nailoni nikavipanga chini ya paa la jiko, usiku na mchana wake, kama sheria ilivyosema. Nilipoanza kusuuza, rangi iliondoka na maji. Iliondoka na kuondoka, mtaro mzima wa uani ukawa buluu, na mkononi mwangu kikabaki kitambaa kilichofifia kama shati la mwanafunzi lililofuliwa miaka mitatu. Nilikuwa nimesahau kitu ambacho mtu wa Kisangani hawezi kukijua akiwa Kisangani: maji baridi ya kwetu si baridi. Ndoo yetu ya asubuhi ni vuguvugu, ua wetu ni tanuri, na rangi ile miaka yote ilikuwa ikipikwa na jua bila mama yangu kulishukuru. Kwa baridi ya Butembo ilikuwa imelala tu ndani ya nailoni kama mimi ndani ya blanketi, ikitetemeka. Unga wa kurudia vyote haukuwepo.

Nililia mbele yao wote, na sikulia kwa ajili ya kitambaa. Masika alinishika bega. Mama yake alichuchumaa karibu na mtaro, akatazama nguo, akatazama mbingu yenye ukungu, akauliza kama rangi inataka joto bila moto. Nikasema ndiyo. Akainuka akaenda nyuma ya nyumba, kwenye shimo la kuivishia ndizi. Wanaotengeneza kasiksi, ile pombe ya ndizi, wanalijua shimo hilo: unachoma majani ndani yake hadi udongo uive, unatoa majivu, unatandika majani ya migomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika kwa udongo, na ndizi zinaiva humo kwa joto la taratibu. Nusu ya pili ya vitambaa iliingia kwenye shimo hilo, juu ya ndizi za pombe ya harusi, ndani ya nailoni mbili mbili. Vilipotoka vilinuka utamu wa ndizi mbivu, na vilipokauka kwenye kamba, majirani walisimama barabarani. Sijaona tena buluu kama ile, na nimeziona nyingi, maana nami baadaye niliuza rangi. Hata wanawake wa bombani walikuja kugusa.

Siku ya kugawa, Mama Masika aliketi kwenye mkeka sebuleni, marundo mawili mbele yake, la buluu iliyokolea na la iliyofifia, na mabinti na mashangazi wakamzunguka. Mimi nilisimama mlangoni. Aliita majina. Wakwe wa Musienene walipata iliyokolea. Wake za wajomba waliotoka Beni, iliyokolea. Mke wa mwalimu jirani, aliyekuja kutoka Kasai na kuishi nao vizuri, iliyokolea. Nilihesabu kwa macho rundo likipungua, nikijiambia kwamba siombi kilichokolea, nataka chochote. Kisha akafika kwa watu wa nyumba. Alijiwekea mwenyewe kilichofifia, akampa Katungu kilichofifia, akampa kilichofifia pia shangazi mzee aliyelala naye chumba kimoja, akasema jambo kwa Kinande wakacheka, halafu akanitafsiria kwa heshima: sisi ba hapa nyumbani tutavaa ile ya kuogopa baridi, juu bageni babakie na ya muzuri. Hivyo ndivyo walivyo watu wale. Kitu kizuri ni cha mgeni, mwenye nyumba anakula ukoko.

Kwenye rundo la buluu iliyokolea kilikuwa kimebaki kitambaa kimoja, chenye rangi iliyoshika kuliko vyote, kimekunjwa peke yake. Alikiinua kwa mikono miwili. Hii ya Odette, alisema, akinitazama mimi. Wote walisema kinapendeza, na kwamba nilikifanyia kazi. Nilipiga goti, nikakipokea, nikasema wasingya, ndiyo asante yao, nikaenda chumbani kwangu nikakaa juu ya magunia ya viazi nacho mapajani. Nilikuwa nimepata nilichokitamani, na ndicho kilichoniambia waziwazi kwamba mimi si wa pale.

Kesho yake nilimkuta Katungu jikoni akijifunga chake, nikamwambia tubadilishane. Ungemwona alivyofurahi, alikuwa na miaka kumi na tano. Alikuwa ameshajifunga changu anajizungusha, na mimi nimeshika chake kifuani, mama yake alipoingia na kuni. Alitutazama. Akamwambia Katungu neno moja, na Katungu akafungua kitambaa, akakiweka juu ya meza, akatoka nje. Mimi sikukiachia kilichofifia. Nikamwambia nakitaka hiki, tafadhali, Mama. Nikamwambia nimechoka kula sebuleni. Niliona aibu, lakini nilisema yote, kwamba ninasikia wakicheka kupitia ukuta, kwamba nitafagia, nitachota maji, nitajifunza Kinande, anitie tu kati ya mabinti zake.

Mama Masika aliweka kuni chini. 

"Odette," alisema, "miye pia ningetaka. Usifikiri hapana. Ulikuya mu hii nyumba, batoto yangu bakakupenda. Lakini weye uko na mama yako. Nikikuvalisha hii ya nyumba, nitakuwa nasema nini? Nitakuwa nasema mama ya Odette haiko tena, njo maana miye nimebeba mutoto wake."

Nikamwambia kwamba huenda kweli hayuko. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

"Nani alikuambia?" aliuliza. "Uliona kaburi? Basi. Siku ile mama yako atafika hapa kwa mulango, ataniuliza mutoto wake, nitamurudishia mutoto wake. Sitamurudishia mutoto wangu. Weka hiyo kikwembe chini."

Nikakiweka. Akanifunga kile kilichokolea kwa mikono yake, akakivuta kiunoni kama anavyofungwa mtoto anayekwenda kanisani mara ya kwanza, akaniambia nisimame wima.

Harusi ilikuwa nzuri, kwa mwaka kama ule. Padri alifupisha mahubiri kwa sababu wakwe walitaka kufika Musienene jua likiwa juu. Watu wa nyumba walipita kati yetu na masinia ya viazi, nyama ya mbuzi na ndizi, katika buluu yao iliyochoka, wamekwisha kumwagiwa mchuzi, wakiitana kutoka jikoni hadi uani. Mimi niliketi kwenye benchi la wageni, glasi ya kasiksi mkononi. Niliona Mama Masika akipita akatupia jicho benchi letu, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa, akaendelea na sinia lake. Mpweke bado nilikuwa, nisidanganye. Ila mwanamke mmoja wa Musienene aliyekaa karibu nami aligusa kitambaa changu, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia natoka Kisangani, mama yangu anauza rangi sokoni.

Nafasi ya ndege ilipatikana mwaka uliofuata, juu ya magunia ya maharagwe, na aliyeitafuta kwa wenye ndege wa Beni bila kuchoka ni yeye. Nilipofika mtaani kwetu jirani alinishika mkono hata kabla sijatua sanduku, akanipeleka kwenye kaburi. Mama yangu alikufa siku za kwanza za mizinga, ndani ya nyumba, wiki ile ile tulipokuwa tukizunguka Beni. Nilimwambia Mama Masika kwa simu miaka mingi baadaye, simu zilipofika, na yeye ndiye aliyelia, si mimi. Keshokutwa napanda ndege kwenda Beni, kisha gari hadi Butembo, nikamzike. Nimekuwa nikifikiria toka Jumapili siku ile ya harusi: mama yangu alikuwa ameshaoza ardhini, watu wote wa mtaa ule wa Butembo walikuwa wameshamzika kimoyomoyo, hata mimi aliyenizaa nilikuwa nimeshamzika jikoni kwa watu ili nipate mwingine, na mtu mmoja tu duniani, aliyekuwa hajawahi kumwona, alikataa katakata kwamba amekufa.